Kutoka Ngomeni hadi Nyota ya Centaurus

Tarehe 12 Desemba 1970 ilikuwa sikukuu kubwa kwa jirani zetu wa Kenya. Wananchi wa nchi hiyo walikuwa wakiadhimisha miaka 7 tangu wajipatie uhuru wao. Siku hiyo hiyo, katika Ghuba ya Ungwana iliyo kaskazini ya mji wa Malindi, roketi ya aina ya Scout iliruka kutoka juu ya jukwaa la chuma lililosimamishwa baharini, mbele ya kijiji cha Ngomeni. Kichwani mwa roketi ile mlifungwa setilaiti yenye uzito wa kilo 140 hivi. Katika daftari za Wamarekani walioitengeneza, setilaiti hiyo iliandikwa kwa herufi na namba tu, SAS-1. Lakini mhandisi aliyeusimamia mradi huo, Bibi Marjorie Townsend, aliipa jina la Kiswahili. Aliiita Uhuru, kwa heshima ya siku ile na kwa kuwashukuru wenyeji waliowapokea.

Watu wengi wa mwambao wamepata kusikia habari za roketi za Malindi. Walioelezwa roketi ile ilikwenda kutafuta nini, na ilikuta nini, ni wachache. Kabla ya miaka miwili kupita, setilaiti hiyo yenye jina la Kiswahili ilikuwa imewaonyesha wanasayansi kitu ambacho hapo awali kiliandikwa kwa kubahatisha tu: nyota ndogo mno, nzito mno, inayozunguka nyota kubwa na kunyonya mali yake, na kwa unyonyaji huo ikitoa eksirei kwa nguvu ipitayo nguvu yote ya Jua letu kwa maelfu ya mara.

Kwanza yafaa kueleza kwa nini Ngomeni. Jukwaa lile halikuwa mali ya Wamarekani, bali lilikuwa la Waitaliani, na liliitwa San Marco. Jukwaa la pili lililosimama jirani yake, Santa Rita, ndilo lililotumiwa na waongozaji wa roketi. Mwanzilishi wa kazi hiyo alikuwa Luigi Broglio, profesa wa Chuo Kikuu cha Roma na jenerali katika Jeshi la Anga la Italia. Broglio alichagua pwani ya Kenya kwa hesabu za kijeshi hasa, yaani hesabu za mahali na za gharama. Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na penye Ikweta mwendo huo ni kama kilomita 1,670 kwa saa. Roketi ikirushwa kuelekea mashariki kutoka hapo hupata msukumo wa bure, na masalia yake huanguka katika Bahari ya Hindi, mbali na vijiji vya watu. Roketi ya kwanza iliruka kutoka jukwaa hilo tarehe 26 Aprili 1967, nayo ilibeba setilaiti ya Italia. Ile ya Desemba 1970 ilikuwa na jambo jipya ndani yake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa setilaiti ya Marekani kurushwa na mikono isiyokuwa ya Wamarekani.

Ikweta ilikuwa na faida ya pili. Dunia imezungukwa na mikanda ya chembe zenye umeme, na mahali fulani juu ya Bahari ya Atlantiki ya Kusini mikanda hiyo huteremka chini sana. Chombo kipitacho hapo huchafuliwa vipimo vyake, kama redio inavyochafuliwa na radi. Setilaiti inayofuata njia ya Ikweta huepuka sehemu kubwa ya balaa hiyo. Uhuru ilizunguka Dunia kwa dakika 96, ikiwa juu kwa kilomita 500 na kitu, na haikutoka mbali na mstari wa Ikweta.

Sasa kuhusu hizo eksirei. Kila askari aliyepata kuvunjika mfupa anazijua. Ni miale ileile inayopita katika nyama na kuzuiwa na mfupa, hospitali zikaitumia kwa kupigia picha. Kwa kuwa miale hiyo hupenya mwili, mtu angeweza kudhani kwamba hupenya chochote. Sivyo. Hewa iliyotanda juu yetu ni nene kiasi cha kuzizuia zote zinazotoka angani. Hilo ni jema kwa uhai wetu, lakini lilimfanya mwanafalaki awe kipofu. Darubini kubwa namna gani, ikiwekwa hata juu ya Kilimanjaro, isingeona eksirei hata moja ya nyota. Ilibidi chombo kitoke nje ya hewa.

Hapo ndipo majeshi yanapoingia katika habari hii, maana elimu hiyo ilizaliwa ubavuni mwao. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wamarekani walichukua makombora ya V-2 ambayo Wajerumani walikuwa wakiyatumia kuipiga London. Mwaka 1949, Herbert Friedman na wenzake wa maabara ya jeshi la majini la Marekani waliweka vipimo ndani ya kombora la namna hiyo, wakathibitisha kwamba Jua letu hutoa eksirei. Tarehe 18 Juni 1962 roketi nyingine ndogo ilirushwa usiku kutoka White Sands, katika jimbo la New Mexico, kwa gharama za jeshi la anga la nchi hiyo. Shabaha iliyotajwa ilikuwa Mwezi. Kiongozi wa kazi hiyo alikuwa kijana wa Kiitaliano, Riccardo Giacconi, aliyeajiriwa na kampuni ambayo wakati uleule ilikuwa ikitengeneza vipimo vya kutambua milipuko ya nyuklia. Mwezi haukuonekana. Badala yake vipimo vilikutana na mwako mkali wa eksirei kutoka upande wa kundi la nyota la Nge, na chanzo chake kikapewa jina la Sco X-1.

Jambo hilo liliwashangaza watu. Jua letu hutoa eksirei chache tu, na kama nyota nyingine zingekuwa kama Jua, basi kwa umbali wake zisingeonekana kabisa. Kulikuwa na kitu kingine huko, chenye namna nyingine ya kupata nguvu. Lakini roketi hizo zilikaa juu ya hewa kwa dakika chache tu, kisha zikaanguka. Ni sawasawa na mlinzi anayeruhusiwa kufumbua macho kwa dakika tano katika mwaka mzima, kisha akaulizwa ni nani waliopita langoni. Roketi moja ya mwaka 1967 iliona alama ya eksirei katika kundi la nyota la Centaurus, lililo kusini, karibu na zile nyota nne za Salibu ambazo mabaharia wanazifahamu. Alama hiyo ikaitwa Cen X-3. Hakuna aliyejua kwamba inabeba siri.

Uhuru ilikuwa mlinzi wa kwanza kuwekwa lindoni na kuachwa huko. Kazi yake yote ilikuwa eksirei. Ilikuwa na madirisha mawili yaliyopeana mgongo, na nyuma ya kila dirisha palikuwa na makasha ya gesi yaliyohesabu eksirei moja moja zilipoingia. Dirisha moja liliona ukanda mwembamba wa anga, la pili likaona sehemu pana zaidi. Chombo kizima kilijizungusha polepole, mara moja kwa kila dakika 12, na hivyo ukanda wa anga ulipita mbele yake kama nyumba zinavyopita mbele ya kurunzi ya askari wa doria. Palipokuwa na jambo la kuchunguzwa zaidi, mzunguko huo uliweza kupunguzwa ili jicho likae juu ya nyota moja kwa muda mrefu.

Mapema mwaka 1971 Giacconi na wenzake, miongoni mwao Herbert Gursky, Harvey Tananbaum, Edwin Kellogg na Ethan Schreier, walitazama mistari iliyochorwa kutokana na taarifa za Cen X-3, wakaona kwamba nyota ile haimuliki kwa utulivu. Inapiga. Eksirei zilipanda na kushuka, zikapanda na kushuka, kila baada ya sekunde 4.84.

Wakati huo habari za nyota zinazopiga zilikuwa bado mpya. Zilikuwa zimegunduliwa mwaka 1967 huko Cambridge, Uingereza, na mwanafunzi Jocelyn Bell, aliyezisikia kwa mitambo ya redio. Ilikwisha kukubaliwa kwamba hizo ni nyota za nyutroni, yaani viini vilivyobaki baada ya nyota kubwa kulipuka. Walter Baade na Fritz Zwicky walikuwa wamezitabiri tangu mwaka 1934. Katika kiini hicho, mada yenye uzito kupita uzito wa Jua letu zima imegandamizwa katika tufe lenye kipenyo cha kilomita 25 hivi, umbali ambao kombania ya askari huutembea kwa siku moja na mizigo mgongoni. Kijiko kimoja cha chai cha mada hiyo kingekuwa na uzito wa mabilioni ya tani. Kwa hiyo mtu angeweza kusema kwa haraka: Cen X-3 nayo ni nyota ya nyutroni kama zile za Cambridge, mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha, kwa sababu nyota hiyo ilikuwa na tabia mbili zilizowasumbua wapimaji. Ya kwanza, mapigo yake hayakushika saa. Leo yalikuja mapema kidogo, kesho yakachelewa kidogo, na tofauti ilionekana hata ndani ya saa moja. Nyota za Cambridge zilikuwa zimesifiwa kwa kushika saa kuliko saa yoyote ya mkononi. Ya pili, mara kwa mara nyota hiyo ilififia karibu kabisa. Setilaiti ilipita mahali palepale, ikaelekeza jicho palepale, na haikuona kitu cha maana. Baada ya muda nyota ikarudi. Mtu mvivu angesema kipimo kimeharibika. Na ni kweli kwamba vipimo huharibika, tena hasa vile vilivyo mbali na fundi wake.

Schreier na wenzake hawakufanya uvivu huo. Walikusanya taarifa za miezi, wakazipanga kwa tarehe na saa kama askari mpelelezi apangavyo maelezo ya mashahidi. Wakaona kwamba kufifia kule kuna ratiba. Nyota ilitoweka kwa muda wa karibu saa 12, kisha ikarudi, na kutoweka huko kulirudia kila baada ya siku 2.087, yaani siku mbili na saa mbili hivi. Wakaona tena kwamba kule kuwahi na kuchelewa kwa mapigo kuna ratiba ileile, siku 2.087, bila kupungua wala kuzidi.

Maana yake yaweza kuelezwa kwa mfano wa barabarani. King'ora cha gari la polisi linalokuja husikika kwa sauti nyembamba, na gari likishapita na kwenda zake, sauti ileile hushuka na kuwa nene. King'ora hakikubadilika, kilichobadilika ni mwendo wa gari kuhusiana na msikilizaji. Kanuni hiyo ndiyo inayotumiwa na vile vyombo vya kupimia mwendo wa magari ambavyo madereva wamevibandika jina la tochi. Mapigo ya Cen X-3 yalisongamana nyota ilipokuwa ikija upande wetu na yakaachana ilipokuwa ikienda zake. Tofauti ilikuwa chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde, lakini ilitosha kupimia mwendo: kilomita 415 kwa sekunde. Hiyo ni karibu safari ya Dar es Salaam hadi Dodoma kwa pumzi moja. Upana wa njia yake pia ulipatikana. Nyota ilikuwa ikizunguka kitu fulani kwa umbali wa kama kilomita milioni 12, na hali sayari ya Utaridi, iliyo karibu kuliko zote na Jua letu, iko mbali kwa kilomita milioni 58.

Na kule kutoweka? Kulikuwa kupatwa, kama mwezi unavyopatwa. Kila mara nyota ya eksirei ilipokwenda nyuma ya mwenzake, mwenzake aliiziba. Hapa pana ushahidi unaostahili kuangaliwa kwa makini na kila anayejua kazi ya upelelezi. Kama kweli nyota ile ilikuwa nyuma ya mwenzake, basi katikati ya kupatwa haina budi kuwa mahali ambapo haiji wala haiendi, ila inakata tu upande. Mapigo yalipochunguzwa kabla na baada ya kupatwa, hesabu ilileta jawabu hilo hilo. Mashahidi wawili wasiojuana, mmoja wa mapigo na mmoja wa giza, walitoa maelezo yaliyolingana. Taarifa hiyo ilichapishwa mwaka 1972.

Kutokana na mwendo huo na umbali huo uzito wa mwenzake uliweza kukadiriwa bila yeye kuonekana, na ilipatikana kwamba haupungui uzito wa Jua 15. Basi ilikuwa nyota kubwa, ya jamii ya zile za buluu zenye joto kali ambazo ni adimu angani. Miaka miwili ikapita kabla ya kuonekana. Mwaka 1974 mwanafalaki wa Poland, Wojciech Krzemiński, aliikuta: nyota hafifu isiyoonekana kwa macho matupu, ambayo mwanga wake hupanda na kushuka mara mbili katika kila siku 2.087. Hupanda na kushuka kwa sababu imevutwa na mwenzake mdogo hata ikapoteza umbo la mviringo na kuwa kama yai. Ikionyesha ubavu huonekana kubwa, ikionyesha ncha huonekana ndogo. Uzito wake ni kama Jua 20, joto la uso wake lapita digrii 30,000, na mwanga wake hutufikia baada ya kusafiri kwa zaidi ya miaka 20,000.

Lilibaki swali la nguvu. Eksirei zile zilitoka wapi? Nyota zinazopiga za Cambridge hutumia nguvu ya mzunguko wake wenyewe, kama pia inayozunguka kwa nguvu iliyopewa mwanzo, na kwa hiyo kila mwaka hupunguza mwendo. Cen X-3 ilipopimwa kwa miaka, ilionekana kwamba kwa jumla inaongeza mwendo. Mtu anayetumia akiba yake hawezi kuwa kila mwaka na akiba kubwa zaidi. Lazima kuna anayemletea.

Aliyemletea ni ile nyota kubwa. Nyota za namna hiyo hupuliza gesi kutoka usoni mwake kwa wingi, na hapa, kwa kuwa nyota ya nyutroni iko karibu mno, gesi huvutwa kabla ya kukimbia. Haianguki moja kwa moja. Huzunguka kwanza kama maji yanayoingia katika tundu la beseni, ikafanya sahani, na sahani hiyo ndiyo inayoisukuma nyota ndogo izidi kuzunguka. Kisha gesi hukutana na nguvu ya sumaku ya nyota ya nyutroni, ambayo ni matrilioni ya mara ya ile inayogeuza sindano ya dira zetu. Sumaku huishika gesi na kuiongoza hadi kwenye ncha mbili tu za nyota, kama mifereji ipelekavyo maji kwenye pipa. Huko gesi huanguka kwa mwendo upitao nusu ya mwendo wa mwanga, ikapiga uso wa nyota, ikapata joto la makumi ya mamilioni ya digrii. Kitu chenye joto hilo hakitoi mwanga wa taa, hutoa eksirei. Nyota inapojizungusha, ncha hizo zenye moto hutuelekea na kutuacha, hutuelekea na kutuacha, sawa na mnara wa kuongozea meli, na hayo ndiyo mapigo ya sekunde 4.84.

Watu wa silaha watapenda kupata kadiri ya nguvu hiyo. Kilo moja tu ya gesi, au ya kitu chochote, ikianguka juu ya nyota ya nyutroni hutoa nguvu ipitayo mara 200 ya bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Hakuna mlipuko wa nyuklia ndani yake, ni uzito na anguko basi. Hata ule moto wa haidrojeni unaoliwasha Jua hautoi, kwa kila kilo, zaidi ya sehemu moja ya ishirini ya nguvu hiyo. Kabla ya Uhuru wataalamu kadhaa, miongoni mwao Yakov Zeldovich na Iosif Shklovsky wa Urusi, walikuwa wameandika kwamba jambo la namna hii lawezekana. Cen X-3 ililitoa katika karatasi.

Kitendawili kimoja kilibaki, nacho kilikuwa cha kifamilia. Nyota ya nyutroni huzaliwa kwa mlipuko. Mbona mlipuko ule haukuwatenganisha wawili hawa? Na ikiwa nyota nzito ndizo zinazokufa mapema, mbona aliyekufa ndiye mwepesi na aliye hai ndiye mzito? Mwaka huo huo wa 1972 Waholanzi wawili, Edward van den Heuvel na John Heise, walitoa maelezo. Aliyekufa hapo zamani ndiye aliyekuwa mzito. Alipovimba katika uzee wake, sehemu kubwa ya mali yake ilimwagikia mdogo wake, hata alipolipuka alikuwa amebaki mwepesi, na mlipuko haukuwa na cha kutosha cha kukata kamba iliyowafunga. Sasa mdogo naye anavimba, na kile alichopewa kinarudi kwa mwenyewe kidogo kidogo. Ni mara chache hesabu za wanasayansi hufanana hivyo na habari za mirathi.

Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973. Orodha yake ya nne, iliyotolewa mwaka 1978, ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei, na kila kimoja kiliandikwa kwa namba inayoanza na 4U. Hiyo U ni ya Uhuru. Wanafalaki wa Japani, wa Ujerumani na wa India wanapoandika leo majina ya nyota hizo, wanaandika herufi ya kwanza ya neno la Kiswahili, na bila shaka wengi wao hawafahamu. Jukwaa la Ngomeni nalo halikulala. Tarehe 7 Mei 1975 lilirusha SAS-3, na setilaiti hiyo ikagundua kwamba nyota nyingine ya jamii hii, Vela X-1, inapiga kila baada ya sekunde 283. Jina hilo lisichanganywe na Vela za jeshi la Marekani, zile setilaiti zilizowekwa juu kuchungulia kama kuna nchi inayolipua nyuklia kwa siri. Hata hizo za jeshi, zile zilizorushwa mwaka 1969, moja yake iliendelea kwa miaka 10 kuandika eksirei za nyota, Cen X-3 ikiwemo. Mlinzi alitumwa kutazama wezi, akarudi na habari za mbingu.

Swali ambalo watu wa pwani ya Kenya wamekuwa wakiliuliza ni jepesi kulitamka: faida ilikwenda wapi? Giacconi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002, na alistahili. Italia ilipata jina la kuwa miongoni mwa nchi za kwanza kurusha setilaiti. Kenya ilitoa bahari, mahali na jina. Roketi 9 za Scout ziliruka kutoka Ngomeni, ya mwisho tarehe 25 Machi 1988, na katika miaka hiyo yote ujuzi wa kuzitengeneza na kuzisoma taarifa zake ulibaki mikononi mwa wageni. Haisaidii kuficha jambo hilo kwa maneno ya shukrani. Lakini pia si haki kulitia chumvi, maana nchi iliyokuwa na umri wa miaka 7 ilikuwa na shule za kujenga kwanza. Mkataba mpya kati ya Kenya na Italia, uliotiwa saini Trento mwaka 2016, uliweka vifungu vya mafunzo na vya kugawana taarifa. Mwaka 2017 Kenya iliunda shirika lake la mambo ya anga. Mwaka 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilitolewa angani kutoka kituo cha kimataifa, na tarehe 15 Aprili 2023 ikafuata Taifa-1. Hiyo ilirushwa kutoka California, wakati jukwaa la Ngomeni likiwa limesimama bila roketi kwa miaka 35.

Kituo cha nchi kavu hakikufungwa. Kilipewa jina la Luigi Broglio, aliyefariki mwaka 2001, na antena zake zikaendelea kupokea sauti za setilaiti. Tarehe 9 Desemba 2021 Marekani na Italia zilirusha kutoka Florida setilaiti ya eksirei iitwayo IXPE, ikawekwa katika njia ya Ikweta kama ile ya Uhuru, na kituo chake kikuu cha kupokelea taarifa kikateuliwa kuwa Malindi. Kazi yake haikuwa kuhesabu eksirei tu, bali kupima upande ambao mawimbi yake hutikisika, kipimo ambacho mwaka 1971 hakuna aliyekuwa nacho kwa nyota kama hizi. Mwaka 2022 ilielekezwa Cen X-3. Wataalamu walikuwa wametarajia kwamba mawimbi mengi yatatikisika upande mmoja. Yalikuwa karibu 6 tu katika kila 100, na hesabu za jinsi gesi inavyoanguka kwenye ncha zile zikabidi zianze kutazamwa upya. Mapigo yalikuwa yakija kila baada ya sekunde 4.80 hivi.